Amonaiti hizi au amonaiti hawa?

Mwalimu wa sayansi wa mkoani Lindi anaandaa maelezo ya picha ya visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka jiwe, vya Tendaguru, eneo la mkoa huo lenye mifupa ya dinosaria. Pichani wamo amonaiti, wanyama wa baharini wenye gamba la kujiviringa waliotoweka zamani. Aliandika "amonaiti hizi zilitoweka", mwenzake akamsahihisha: "amonaiti hawa walitoweka". Mwalimu hakubali. Kilichomo pichani ni jiwe, asema, na jiwe halina uhai. Nani yuko sahihi?

Mwenzake. Jina la mnyama huchukua upatanisho wa A-WA hata mnyama akiwa amekufa, amekaushwa au yuko sahanini. Kiswahili sanifu ni pweza mkavu, ngisi wabichi, kuku wa kukaanga. Pweza na ngisi nimewataja makusudi, maana hao ni jamaa wa amonaiti walio hai hadi leo.

Hata hivyo hoja ya mwalimu si ya kupuuzwa. Ndege wa porini ni "huyu", ndege ya abiria ni "hii". Simba wa Mikumi amenguruma, Simba ya Msimbazi imefunga mabao. Je, jiwe nalo lisibadili upatanisho? Kwa maoni yangu, hapana. Ndege ya abiria haikuwa kiumbe hata siku moja; imeazima jina tu. Amonaiti aliogelea baharini, akala, akafa.

Ukitaka kulizungumzia jiwe, neno lipo: kisukuku. Na linahitajika kweli, kwa kuwa mara nyingi hata gamba halipo tena. Tope liliingia ndani ya gamba likagandamana kuwa mwamba, gamba likayeyuka, likabaki umbo la ndani na alama za mbavu zake, yaani mistari iliyoinuka juu ya gamba. Kwa hiyo: "amonaiti huyu aliishi baharini", lakini "kisukuku hiki kimechimbuliwa, kina ufa pembeni".

Swali la pili la mwalimu lilihusu Perisphinctidae, kundi ambalo baadhi ya amonaiti wa Tendaguru wamo. Mbavu za magamba yao kwa kawaida hugawanyika mbili au zaidi zikikaribia ukingo wa nje. Amonaiti hao, ingawa si wengi pale, wamewasaidia wanajiolojia kukadiria umri wa mifupa ya dinosaria, miaka milioni 150 hivi, kwa sababu tabaka za bahari zimepishana na tabaka zenye mifupa. Aliuliza aandike ukoo, jamii au familia. Aandike familia, ndilo neno la wanabiolojia kwa kundi lililo chini ya ngeli (si ile ya sarufi, bali kundi kubwa la viumbe) na oda. "Jamii" ni pana mno.

Hapo upatanisho unabeba sayansi yenyewe. "Familia ya Perisphinctidae ilitoweka" ni tukio moja. "Amonaiti walitoweka" ni jingine, la baadaye sana, miaka milioni 66 hivi iliyopita. Mwalimu akiandika "amonaiti hawa walitoweka" chini ya picha ile, aongeze "wa familia hii", la sivyo mwanafunzi atadhani wote waliisha pamoja.