Goti limenitoa uwanjani, naweza kuwa kocha wa chuo?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 24, nakaa Mikindani. Nimecheza kikapu tangu UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, hadi chuo cha ualimu hapa Mtwara, namba moja, mimi ndiye niliyekuwa nachezesha timu. Mwaka jana goti liliachia. Natamani kufundisha timu ya chuo, ila kaka yangu anasema ukocha si kazi, nirudi Newala nikasimamie mikorosho ya baba. Je, kucheza kwangu kunatosha? Nianzie wapi? — Dada wa Mikindani

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa goti.

Hakutoshi. Nakwambia mapema kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia. Mara ya kwanza kuachiwa timu ya chuo tulikwenda kucheza Lindi. Nilikaa benchi mikono inaniwasha kama nimebangua korosho mbichi, kila pasi ikipotea najiona ningeidaka mimi. Kipindi cha pili kocha anaruhusiwa kusimamisha mchezo mara tatu. Nilizimaliza zote zikiwa zimebaki dakika nne, na kila nilipowaita vijana niliwaeleza mimi ningefanya nini. Mmoja akaniuliza taratibu, "Mwalimu, sasa sisi tufanye nini?" Sikuwa na jibu. Tulifungwa, na kwenye basi hakuna aliyenisemesha mpaka Mtwara.

Usiku ule nilitandika mkeka, nikapanga korosho tano za maganda na vizibo vitano vya soda. Nikawa navisogeza kimoja kimoja nikikumbuka mchezo. Saa sita usiku ndipo nilipoona: kizibo cha kushoto kilikuwa kinapita peke yake robo nzima, kwa sababu mlinzi wangu alikuwa anaufuata mpira kwa macho. Uwanjani sikuliona hilo hata mara moja. Mchezaji huangalia anakokwenda yeye. Wewe uliyecheza namba moja umezoea kidogo kuangalia wote, hapo una nafuu.

Vijana wengi hunitajia Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet, aliyetoka Chuo Kikuu cha Connecticut akachaguliwa wa pili kati ya wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, mwaka 2009. Sawa, lakini futi saba na inchi tatu hazisomewi. Kwa swali lako mwangalie Mike Krzyzewski, kocha wa vyuo wa Marekani. Alikuwa namba moja kama wewe, timu ya chuo cha jeshi, chini ya kocha Bob Knight. Baada ya utumishi wa jeshi akaenda Chuo Kikuu cha Indiana kuwa msaidizi wa Knight huyohuyo, ndipo akapewa timu yake. Alipofika Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1980, misimu mitatu ya kwanza alishinda mechi 38 akapoteza 47, watu wakataka afukuzwe. Aliachia timu mwaka 2022 akiwa na ubingwa wa vyuo mara tano. Dawn Staley naye, namba moja mwingine, alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Temple mwaka 2000 huku bado anacheza ligi ya kulipwa, na baadaye akaipa timu ya Chuo Kikuu cha South Carolina ubingwa mara tatu.

Ila wenzetu Marekani wanalipwa kwa kufundisha kikapu tu. Hapa kaka yako ana hoja, ingawa kaisema vibaya. Mimi mshahara wangu wote ulikuwa wa ukufunzi. Ukocha ulikuwa wa kuanzia saa kumi jioni. Kuna mwaka niliahidiwa nauli ya timu, hadi leo naisubiri. Kwa hiyo cheti chako cha ualimu kishike kwa mikono miwili, ndicho kitakachokulisha. Ukipata nafasi, nenda Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kule Kwimba, ukasomee. Kozi za TBF, shirikisho la kikapu Tanzania, zikitangazwa, jiandikishe hata kama ni za siku chache.

Kabla ya hayo yote, tafuta timu ya shule au chuo jirani, umwombe kocha wake umsaidie. Atakupa mipira ubebe na pampu inayovuja. Beba. Kaa naye benchi msimu mzima na daftari, andika kila anapobadilisha mchezaji na wewe ungemtoa nani.

Kaka yako mwambie Oktoba utakwenda Newala wiki mbili kuokota korosho. Ukirudi, tano usizibangue.