Mtoto leo hakohoi, dawa ya nini? Maswali yenu kuhusu pumu

Meseji zenu zimejaa na nyingi zinafanana, basi nimechagua chache ambazo zikijibiwa na wengine watakuwa wamepata lao. Kwa wageni: mi ni nesi wa watoto na pia mama wa kijana mwenye pumu, kwa hiyo saa zingine najibu kama nesi, saa zingine kama mtu aliyekesha kitandani kwa mtoto akihesabu pumzi.

"Mwanangu ana miaka 6, kapewa inhela mbili (zile kopo za dawa ya kuvuta), ya bluu na ya kahawia. Ya bluu inafanya kazi palepale. Hii nyingine kavuta wiki nzima sioni cha maana, na sasa hivi hata hakohoi, nikaacha kumpa. Nimekosea?"

Umekosea ndio, ila usijilaumu sana manake hili kosa nimelifanya hata mimi na unesi wangu wote.

Iko hivi. Kwenye njia za hewa za mtoto mwenye pumu kuna mambo matatu yanaenda pamoja: kuta zimevimba kwa ndani, misuli inayozizunguka inakaza, na makohozi mazito yanajaa. Ile ya bluu (kwenye boksi mara nyingi utakuta imeandikwa salbutamol) inalegeza misuli tu, ndani ya dakika chache mtoto anapumua, wewe unashukuru Mungu, halafu baada ya masaa manne au sita imeisha nguvu. Uvimbe haijaugusa. Hiyo ya kahawia (steroidi ya kuvuta) ndo kazi yake kushusha uvimbe, na inashusha polepole, siku kadhaa mpaka wiki, ndo maana ukiiangalia kwa jicho la ile ya bluu utaona haifanyi kitu. Mi huwaambia wazazi, ya bluu ni ndoo unayotega paa likivuja, hii nyingine ndo fundi wa paa, sasa wewe umemfukuza fundi kwa sababu leo hakuna mvua!

Mrudishie, asubuhi na jioni au kama ulivyoandikiwa, hata siku anaruka kama swala. Kupunguza dozi ni kazi ya daktari, na mara nyingi anataka kuona kama miezi mitatu ya utulivu kwanza. Na rangi msizitegemee sana, zinabadilika kutegemea kampuni, soma jina.

Halafu jipime: akihitaji ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, au akiamka usiku kwa kikohozi, au akiacha kucheza na wenzie sababu ya kifua, pumu haijatulia hata kama we unaona ametulia.

"Mama mkwe anasema hizo ni steroidi, zitamdumaza mtoto na atakuwa mtumwa wa inhela maisha yote. Anataka tubaki na dawa ya maji."

Mama mkwe anaongea kwa mapenzi, usibishane naye mbele za watu, mkalishe taratibu.

Kudumaa: kuna ukweli kidogo hapo na sitaki kuuficha. Watoto waliotumia dawa hizi kwa miaka na kufuatiliwa mpaka utu uzima walionekana kuwa wafupi kwa kama sentimita 1 hivi. Moja. Sasa weka upande wa pili mtoto ambaye pumu haijadhibitiwa, halali, kila mwezi yuko kwenye vidonge vikali vya steroidi au kitandani hospitali. Huyo naye ukuaji wake unayumba, tena na shule inampita. Dozi ya kuvuta inapimwa kwa maikrogramu na inaenda kifuani moja kwa moja. Ya maji inazunguka mwili mzima kwanza, inachelewa, na inamwacha mtoto anatetemeka mikono na moyo unamwenda mbio.

Utumwa hakuna. Hii siyo dawa ya kulevya, anaihitaji kwa sababu ana pumu, siyo kwamba ana pumu kwa sababu anaivuta. Kitu cha kuzingatia ni kimoja, akimaliza ile ya steroidi asukutue mdomo na kutema, au apige mswaki kabisa, la sivyo anaweza kuota utando mweupe wa fangasi ulimini.

"Nampulizia mdomoni kama kwenye matangazo lakini hapati nafuu. Dawa feki?"

Sidhani. Kliniki huwa naomba mzazi anionyeshe anavyofanya nyumbani, na mara nyingi naona kawingu keupe kanatokea pembeni ya mdomo wa mtoto. Hako kawingu ndo dawa yenyewe inaondoka. Inayobaki imegonga koo na kumezwa, kifuani kafika kiasi kidogo sana.

Mtoto anahitaji spesa, lile bomba la plastiki linalokaa kati ya inhela na mdomo, lenye barakoa kama ni mdogo wa chini ya miaka minne hivi, na la kushika kwa midomo akishakua. Mkalishe wima. Tikisa inhela, ichomeke. Barakoa ifunike pua na mdomo bila kuacha mwanya. Bonyeza mara MOJA tu halafu mwache apumue kawaida mara tano au sita, utasikia kile kivalvu kinagonga tik, tik, hesabu nacho. Kama unahitaji mpulizo wa pili, subiri nusu dakika mpaka dakika, tikisa tena, rudia. Ukibonyeza mara mbili mfululizo dawa inagongana mle ndani na kung'ang'ania kwenye plastiki. Akilia sana pia dawa haiingii vizuri, kwa hiyo siku za amani mfanyie mchezo, mvalishe mdoli barakoa kwanza, au wewe mwenyewe.

Kuosha: maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, usisugue, usifute na taulo, acha ikauke yenyewe. Ukifuta unaleta umeme ule wa kunasa vumbi na dawa yote inashikwa ukutani.

Na kwa aliyeniuliza kama kuna njia asipopata spesa kabisa: ipo. Mwaka 1999 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha kwenye jarida la The Lancet kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa chini ili inhela iingie na pembeni pazibwe vizuri, iliwasaidia watoto waliobanwa sawa na spesa ya dukani. Vikombe vya ile plastiki laini ya povu havikufua dafu. Ila omba nesi akutengenezee au akukague, tundu likiwa kubwa hewa inapita pembeni na umefanya kazi bure.

"Usiku nachanganyikiwa. Nitajuaje hii ni ya nyumbani na hii ni ya hospitali?"

Hili ndo swali nalotaka kila mtu asome mpaka mwisho.

Washa taa, mpandishe fulana. Usisikilize kwanza, ANGALIA. Nyama ya katikati ya mbavu ikiwa inaingia ndani kila anapovuta pumzi, kishimo cha chini ya koo kinabonyea, pua zinatanuka, huyo anafanya kazi nzito. Muulize kitu. Kama hawezi kumaliza sentensi bila kukata pumzi, au mdogo hawezi kunyonya wala kunywa, hiyo ni dharura. Midomo ikiwa ya bluu au ya kijivu, mtoto amelegea, anasinzia ovyo, dharura kubwa. Na kuna moja inawadanganya wengi: kifua kilichokuwa kinapiga filimbi kikanyamaza ghafla huku mtoto bado anahangaika. Mzazi anasema afadhali kimetulia. Hapana jamani, hewa haipiti tena hata ya kupiga filimbi.

Cha kufanya: fuata karatasi ya mpango uliyoandikiwa na daktari. Kama huna (idai kliniki ijayo), utaratibu unaotumika sana ni huu, mkalishe wima, asilale, ya bluu kwa spesa, mpulizo mmoja kila sekunde 30 mpaka 60, usizidi 10. Hajapata nafuu, au anazidi wakati wowote hata kabla hujafika 10, ita msaada au anza safari, na kama dakika kumi zimepita bado hamjapata msaada na bado amebanwa, rudia ile 10. Dalili za dharura ukishaziona husubiri kuona itakuwaje, unampa dawa huku mnaondoka. Mvuke wa maji ya moto acha, nimeona watoto wameungua na pumu iko palepale.

Mimi iliwahi kunikuta, saa nane za usiku nampulizia kijana wangu, naona inatoka pssst kama kawaida, mtoto hapati nafuu. Kumbe dawa ilishaisha, kilichobaki ni gesi ya kusukumia tu. Kopo lingine lilikuwa kwenye begi la shule, nikampulizia tena kwa hilo ndo akatulia. Kama inhela yako ina kaunta, iangalie. Kama haina, andika tarehe ya kuanza na uhesabu, kopo nyingi za salbutamol zina mipulizo 200. Kuitia kwenye maji uone kama inazama ni kujidanganya.

"Pumu inaambukiza? Jirani kakataza wanawe wasicheze na wangu."

Haiambukizi. Mafua ndo yanaambukiza, na hapo ni mwanao anayepaswa kuwaogopa wao, mafua ndo yanaongoza kwa kuwabana watoto wenye pumu.

"Mume wangu anavutia sigara nje, hilo si sawa?"

Ni nafuu kuliko ndani, lakini moshi anarudi nao kwenye shati na nywele halafu anambeba mtoto kifuani. Aache, sina jibu laini. Mengine ya nyumbani ni yale ya kumchunguza mtoto wako mwenyewe, kuna wa vumbi la godoro, kuna wa paka, kuna wa ukungu ukutani, kuna wa manukato makali, usifukuze paka wa watu kabla hujajua. Shuka zioshwe kwa maji ya moto kila wiki.

"Nina miaka 11. Naona aibu kuvuta inhela mbele ya wenzangu, na mwalimu kanitoa kwenye mbio. Nifanye nini?"

Mwanangu, asante kwa kuandika mwenyewe. Kuna mama mmoja wa Uingereza anaitwa Paula Radcliffe, ana pumu tangu utotoni, na mwaka 2003 alikimbia marathoni ya London kwa saa 2 dakika 15 na sekunde 25, rekodi ya dunia ya wanawake wakati ule. Kwa hiyo mbio siyo tatizo, tatizo ni kukimbia na pumu ambayo haijatulia. Kama unabanwa kila ukikimbia mwambie mzazi akupeleke, dawa yako ya kila siku iangaliwe. Uliza na kuhusu kuvuta ya bluu dakika 10 au 15 kabla ya mazoezi, halafu anza taratibu usiruke moja kwa moja kwenye kasi. Mwombe daktari amwandikie mwalimu barua.

Aibu naielewa, kijana wangu alikuwa anajificha chooni. Alichofanya ni kumwonyesha rafiki yake mmoja tu inavyotumika, baada ya wiki yule rafiki ndo akawa anamkumbusha. Na inhela isikae kwenye mkoba wa mama wala kabati la ofisi ya mwalimu, iombee ruhusa ikae kwenye begi lako, mfuko wa mbele.