Shaba ya Kongo inalipaje barabara?

Swali: Ninaishi Tunduma, ambako malori ya shaba kutoka Kongo hupita kuelekea Dar es Salaam. Nasikia migodi mingi ya huko sasa ni ya Wachina, nao hulipa kwa kujenga barabara. Mpango huo unafanyaje kazi, na kampuni za Magharibi zilifukuzwa?

Jibu: Ndugu msomaji, mfano ulio wazi zaidi ni mkataba wa Sicomines wa mwaka 2008, ulioanzisha kampuni ya ubia huko Kolwezi ambamo kampuni za China zilichukua asilimia 68 ya hisa na Gécamines, shirika la madini la serikali ya Kongo, likabaki na 32. Benki za China zinakopesha fedha za mgodi pamoja na za barabara na hospitali, na mikopo hiyo hulipwa kwa faida ya shaba na kobalti (madini ya kutengenezea betri), huku mgodi ukisamehewa kodi. Msamaha huo ndio gharama ambayo mwananchi anayepita juu ya lami mpya haioni, na kwa maoni yangu ndiyo iliyostahili kujadiliwa kwa ukali zaidi kuliko hisa.

Mwaka 2023 wakaguzi wa fedha wa serikali ya Kongo walieleza kwamba miundombinu iliyokwisha kujengwa ilikuwa ya dola milioni 822 tu, ilhali upande wa China ulikuwa umevuna karibu bilioni 10. Ndiyo maana mwezi Machi 2024 mkataba ulirekebishwa, ahadi ya miundombinu ikapandishwa hadi dola bilioni 7, zitolewe milioni 324 kila mwaka, ila kwa sharti kwamba bei ya shaba ibaki juu ya dola 8,000 kwa tani. Kwa hiyo soko likianguka, ujenzi nao hupungukiwa fedha. Mgawanyo wa hisa haukuguswa.

Kampuni za Magharibi hazikufukuzwa. Freeport-McMoRan ya Marekani, ikiwa imelemewa na madeni, iliiuzia kampuni ya China Molybdenum hisa zake za mgodi wa Tenke Fungurume huko Kongo mwaka 2016 kwa dola bilioni 2.65. Sasa Marekani inarudi kwa njia ya uchukuzi, ikiikopesha reli ya kwenda Lobito, bandari ya Angola kwenye Atlantiki, lakini reli hubadilisha bandari tu: sehemu kubwa ya kobalti ya dunia bado husafishwa China, na maadamu Kongo haina viwanda vya kutosha vya kazi hiyo, mzigo utakaotokea Atlantiki bado utaishia kwa mnunuzi yuleyule.