Skizofrenia na kazi: maswali yenu

Nina skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti wasizosikia wengine, na nimetulia kwa miezi minane sasa. Mama anasema nisitafute kazi mpaka nipone kabisa. Nimsikilize?

Msikilize, maana ndiye aliyekesha nawe. Ila "kupona kabisa" hakuna tarehe, na ukisubiri unaweza kuzeeka sebuleni. Wataalamu wenyewe waliwahi kufikiri kama mama: mgonjwa azoezwe kwanza, kazi baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko New Hampshire, Marekani, Robert Drake na Deborah Becker waligeuza mpangilio huo. Anayetaka kazi atafutiwe ajira ya kweli mapema, kisha asaidiwe akiwa humohumo kazini. Njia hiyo ilijaribiwa katika miji sita ya Ulaya kwa watu wenye skizofrenia na magonjwa mengine makali ya akili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Asilimia 55 walifanya kazi ya kulipwa angalau siku moja. Kwa waliopitia mafunzo ya kawaida ilikuwa 28. Siku moja ni kipimo kidogo, nakubali. Lakini mwambie mama hili, kwa sababu ndilo linalomnyima usingizi: waliotafutiwa kazi mapema walirudi kulazwa kidogo kuliko wenzao.

Nimwambie mwajiri? Na lile pengo la miaka miwili kwenye wasifu wangu?

Siri ni yako, na kwenye usaili huna haja ya kuanza na jina la ugonjwa. Tatizo ni kwamba bosi hawezi kukurekebishia mazingira kwa jambo asilolijua, na hata pale sheria inapokulinda, mara nyingi ulinzi huo huanza ukishasema. Mimi hupendelea njia ya katikati: taja unachohitaji. "Natumia dawa usiku, asubuhi mapema huwa mzito, naomba zamu ya kuanzia saa nne." Ukishawajua watu wa pale, utaamua kama useme zaidi na umwambie nani. Kuhusu pengo, "niliugua, nikatibiwa, sasa niko tayari" inatosha. Anayechimba zaidi ya hapo tayari amekuonyesha yeye ni bosi wa namna gani. Usibuni kampuni uliyofanyia kazi, wala usidanganye kwenye fomu ya afya uliyotakiwa kusaini.

Dawa inanilaza mezani. Niiache siku za kazi?

Hapana. Kuruka dozi ni njia fupi ya kurudi wodini. Mweleze daktari saa unazosinzia. Anaweza kubadili muda wa kumeza, kiasi, au dawa yenyewe. Zipo pia sindano za mwezi mmojammoja, ingawa hizo nazo huwalaza baadhi ya watu.

Sauti nimezizoea. Kinachonishinda ni kusahau nilichoagizwa.

Afadhali umelisema. Watu hudhani sauti ndizo hufukuzisha kazi, kumbe mara nyingi ni kumbukumbu na umakini, na vitu hivyo dawa haivisaidii sana. Omba maagizo kwa maandishi, jambo moja kwa wakati. Ukiagizwa kwa mdomo, yarudie palepale kwa maneno yako. Kaa mbali na mlango na makelele. Hata wasio na ugonjwa wowote hufanya hivi, kwa hiyo hakuna atakayeshangaa.

Kaka yangu alikuwa mhasibu. Ndugu wanataka apewe kazi ya kufagia, "asichoke akili".

Yeye mwenyewe anataka nini? Sijaona mahali mlipomuuliza. Kufagia ni kazi ya heshima kwa aliyeichagua. Elyn Saks, ambaye hafichi kwamba ana skizofrenia, ni profesa wa sheria katika Chuo Kikuu cha Southern California. Si wote watafika huko, lakini kaka yako anaweza kuanza na vitabu vya hesabu vya duka moja, siku mbili kwa wiki, na kuongeza akiona anamudu.

Mwenzetu amerudi kazini kutoka hospitali. Tufanyeje?

Mlimfanyia nini yule aliyevunjika mguu? Fanyeni hivyohivyo. Na mwacheni amalize kazi yake mwenyewe, hata akichelewa kidogo.