Kwanza linganisheni zabibu moja

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa: "Marafiki wakikutana kuonja mvinyo wa nchi mbalimbali, watajuaje upi umetoka wapi, na upi ni bora?" Naanza na hilo la ubora, maana ndilo linaloharibu vikao vingi. Watu huweka mezani mwekundu mzito wa Afrika Kusini, mweupe mkavu (yaani usio na utamu) wa Ufaransa na mtamu wa Dodoma, halafu wanapiga kura. Kura hiyo haisemi lolote kuhusu nchi. Inasema tu nani anapenda sukari. Mkitaka tofauti ya nchi ijitokeze mdomoni, mengine yote yafanane: aina ya zabibu, ukavu, bei, na miaka ya mavuno isipishane sana.

Kwa Tanzania, zabibu nzuri ya kuanzia ni Chenin Blanc. Inalimwa Dodoma pamoja na zabibu nyekundu ziitwazo Makutupora na Syrah. Afrika Kusini wanayo kwa wingi kuliko nchi nyingine yoyote, na asili yake ni bonde la mto Loire, Ufaransa. Basi tafuteni moja ya Dodoma, moja ya Swartland, Afrika Kusini, na moja ya Vouvray, huko huko Loire. Lebo ya Vouvray isomwe kwa makini, kwa sababu huko hutengenezwa mkavu, mtamu kiasi na mtamu kabisa. Mnachotaka ni neno "sec", yaani mkavu. Chupa ya Dodoma nayo iwe imeandikwa kuwa ni mkavu. Lebo ikitaja mapipa ya mwaloni, irudisheni rafuni. Harufu ya vanila inatoka kwenye mbao za pipa na itafunika ile mnayoitafuta.

Mtegemee nini? Loire kuna baridi, zabibu huiva polepole na asidi yake hubaki, kwa hiyo mate hujaa mdomoni mara tu ukimeza, na harufu huelekea kwenye tofaa bichi na pea. Swartland kiangazi ni kikali na mizabibu mingi ni mikongwe, haimwagiliwi. Matunda yake ni ya njano zaidi, pichi kwa mfano, na mvinyo ni mzito kidogo ulimini. Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa kama mita 1,100. Hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu, ndiyo maana mkulima akipogoa kwa mpango huvuna mara mbili kwa mwaka. Joto hupunguza asidi ya maliki iliyo ndani ya zabibu, na mvinyo hutoka laini, isipokuwa mtengenezaji amevuna mapema au ameongeza asidi ya tartariki. Kwa hiyo uchachu peke yake si ushahidi wa kutosha. Harufu nayo iulizwe.

Sasa ufichaji. Kuvalisha chupa soksi hakutoshi: umbo la chupa hutoa siri, na kifuniko cha kuzungusha huonekana shingoni. Mtu mmoja amimine kila mvinyo kwenye jagi, majagi yote yafanane, kisha mwingine ambaye hakuona ayabadilishe nafasi na kuyapa namba. Mei 1976 huko Paris, Steven Spurrier, mfanyabiashara wa mvinyo Mwingereza, aliwapa waamuzi wa Kifaransa mvinyo wa kwao na wa California bila kuwaonyesha lebo, na California ikashika nafasi ya kwanza kwa mweupe na kwa mwekundu. Kama waliobobea walipotea hivyo, lebo isikae mezani kwenu.

Ongezeni jagi la nne lenye mvinyo uleule wa mojawapo ya yale matatu, bila kutangaza ni upi. Anayeupa mvinyo mmoja alama 8 kwenye jagi hili na 4 kwenye lile, alama zake nyingine zisibebe uzito mkubwa. Mimi naona hili ndilo jagi lenye faida kuliko yote.

Vipimo: vijiko vikubwa 3 kwa kila glasi, yaani mililita 45 hivi. Watu 8 watatumia mililita 360 kwa kila jagi, na chupa ya 750 inatosha raundi mbili; ule mvinyo wa jagi la nne unahitaji chupa mbili. Lakini anayemeza kila kitu atakuwa amekunywa karibu nusu chupa, kwa hiyo chombo cha kutemea kiwepo, kisichoonyesha ndani. Raundi ya pili iende kinyume, 4 hadi 1, kwa sababu mvinyo mchachu huufanya unaofuata uonekane mtamu kuliko ulivyo.

Joto la mvinyo lilingane, nyuzi 10 hadi 12. Ukitoka moja kwa moja kwenye friji hauna harufu. Dar es Salaam dakika 10 hadi 15 nje ya friji zinatosha, baada ya hapo majagi yote yakae kwenye beseni moja la maji yenye barafu kidogo. Chupa zifunguliwe saa moja kabla na zinuswe. Harufu ya boksi lililolowa ni ugonjwa wa kizibo, hauponi. Kizibo kilichosukumwa juu na ladha ya matunda yaliyochemshwa ni dalili kwamba chupa ilipata joto kali njiani au dukani. Siku hiyo msifukize udi, manukato yaachwe nyumbani, na mezani pawe na maji na mkate mtupu tu. Jibini isubiri, kwa kuwa mafuta yake huficha kasoro.

Kila mtu anuse, azungushe glasi, anuse tena, aonje, ateme, kisha ahesabu ladha inadumu sekunde ngapi. Aandike bila kusema. Wa kwanza kusema "nasikia nanasi" ataifanya meza nzima isikie nanasi.

Kikao kingine fanyeni cha Syrah: Dodoma, Crozes-Hermitage ya Ufaransa na Barossa ya Australia, kwa nyuzi 16 hadi 18, maana mwekundu ukiachwa kwenye joto la sebule ya Pwani hunuka pombe tupu. Hapo ongezeni safu ya ukakasi kwenye karatasi, na mpumzike dakika 5 kati ya glasi, kwa kuwa ukakasi hujilimbikiza na glasi ya mwisho huonewa.