Mtoto Akitaka Uigizaji Marekani, Jipangeni Wazazi Kwanza

Nikiwaambia watu kwamba binti yangu anafanya usaili wa matangazo na filamu, swali huwa lile lile: ana kipaji? Hakuna anayeuliza nani anampeleka, nani anamsubiri, wala kazini naaga vipi. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga, naishi Hayward, California, na naona hayo matatu ndiyo yenye uzito. Vipaji viko tele mtaani.

Wazazi wengi mnaoniandikia mnamtaja Zendaya, yule mwigizaji wa Kimarekani. Haya, tumwangalie yeye, ila tuanzie nyumbani kwao, si kwenye zulia jekundu.

Alizaliwa 1996 Oakland, si mbali na hapa kwetu. Baba na mama wote walimu wa shule. Wakati wa kiangazi mama yake alifanya kazi ya kusimamia ukumbi kwenye California Shakespeare Theater, kule Orinda, na mtoto akawa anasaidia kuwaonyesha wageni viti vyao. Kwa hiyo aliona watu wazima wakiigiza kwa moyo wote kabla hajaota kamera. Akasoma Oakland School for the Arts, akacheza dansi na kikundi cha Future Shock, akavaa nguo za maduka kwenye picha za matangazo. Yote hayo jirani na nyumbani, bila mtu kuhama.

Kuhama kulikuja na kazi ya Disney, tamthilia ya Shake It Up iliyoanza kuonyeshwa 2010. Baba alikwenda naye Los Angeles. Mama akabaki Oakland akifundisha, maana mshahara ule ulihitajika. Kati ya miji hiyo ni kama kilomita 600. Ninyi mnaosema "bahati ya yule mtoto", hebu rudieni sentensi hizo taratibu. Ndoa ya walimu wawili ilijigawa miji miwili, na hapo hakuna aliyekuwa na uhakika kwamba tamthilia itapata msimu wa pili.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: kaeni mezani, wewe na mwenzio, kabla ya kumtafuta wakala wa kumtafutia mtoto kazi. Mtoto wa chini ya miaka 16 hapa California haachwi peke yake kwenye seti, yaani mahali pa kurekodia. Mzazi au mlezi lazima awe mahali anapoweza kumwona au kumsikia. Siku ya kazi ya binti yangu ni siku yangu ya kukaa kwenye kiti cha plastiki. Mimi hubadilishana zamu na wenzangu, na fadhila hizo nazilipa kwa sikukuu. Kama kazini kwako hakuna wa kubadilishana naye, bora ujue leo.

Usaili wenyewe, nashukuru, siku hizi mwingi tunarekodi nyumbani kwa simu. Ukuta mtupu, taa mbili, simu imesimamishwa juu ya vitabu, na mmoja wetu nyuma ya kamera anasoma maneno ya mhusika wa pili. Msomaji asome kawaida, bila mbwembwe. Anayetafutiwa kazi si yeye. Mume wangu hili limemshinda. Akipewa sehemu ya askari wa Kimarekani anaisoma kwa lafudhi ya Pangani na mikono juu, mtoto anaangua kicheko, tunaanza upya.

Pesa sasa. Jackie Coogan alikuwa yule mtoto wa filamu ya Charlie Chaplin ya 1921. Alivuna mamilioni ya dola, na alipokuwa mtu mzima akakuta mama yake na baba wa kambo wameshatumia karibu zote. Akawashtaki 1938, na mwaka uliofuata California ikatunga sheria yenye jina lake. Leo mwajiri hukata asilimia 15 ya malipo ghafi na kuyaweka kwenye akaunti ya amana ambayo mtoto hataigusa mpaka afike miaka 18. Nimesikia wazazi wakinung'unika kwamba ni pesa ndogo au kwamba serikali inawaingilia. Mimi naiona sheria nzuri, na zinazobaki nazo ni mali ya mtoto.

Wakala halipwi mwanzo. Tuliwahi kuitwa kwenye ukumbi wa hoteli, watoto wamejaa, na kila mmoja alisifiwa kwamba ana "sura ya televisheni", kisha tukatajiwa bei ya picha na mafunzo. Tuliondoka. Tangu 2010 sheria ya California inakataza anayejiita mwakilishi wa msanii kudai ada kabla ya kazi. Fungu la wakala, kwa kawaida asilimia 10, hutoka kwenye kazi iliyopatikana.

Na shule haisimami. Kibali cha kazi cha mtoto ni bure, cha miezi 6, na hakitolewi bila alama za kuridhisha darasani. Siku ya shule, mtoto wa miaka 9 hadi 15 hufanya kazi muda usiozidi saa 5, na hukaa saa 3 na mwalimu pale pale kwenye seti. Binti yangu alijifunza sehemu za hesabu akiwa na vipodozi usoni.

Watu hupenda kutaja tuzo za televisheni za Emmy za Zendaya, ya 2020 akiwa na miaka 24 na ya 2022. Mimi kinachonivutia zaidi ni tamthilia ya K.C. Undercover ya 2015. Disney walipomtaka tena, akiwa kijana bado, aliweka masharti: awe mtayarishaji, mhusika asiitwe Katy kama walivyopanga, asiwe mwimbaji wala mcheza dansi, na familia iwe ya watu weusi. Binti yangu ana ruhusa ya kukataa usaili, na ameshaitumia, siku ambayo mimi nilikuwa nimeshabadilisha zamu.

Mlio nje ya California, ulizeni sheria za jimbo lenu. New York, Illinois, Louisiana na New Mexico wana amana kama hii, majimbo mengine mengi hayana. Na akaunti hiyo ifungueni kabla ya kazi ya kwanza. Si kila benki inayo, na mhudumu wa dirishani anaweza asiijue kabisa, kwa hiyo pigeni simu kwanza.