Niliondoka kwenye kipimo cha mkojo, leseni imeshushwa daraja

SWALI: Shikamoo kaka. Naendesha trela huku Ohio. Mwezi Machi kampuni ilinipeleka kupimwa dawa za kulevya kwa kushtukiza. Mkojo ukagoma. Nilingoja kama saa moja, nikakumbuka mzigo wa watu, nikaondoka. Bangi sivuti, pombe sigusi. Nimefukuzwa, na jimbo limeshusha leseni yangu ya kibiashara. Nikihamia Texas nitapata kazi?
Dereva, Columbus

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Barua yako imeniuma, maana mkojo ukigoma sheria inakupa muda wa saa 3 na maji ya kunywa hadi kama lita 1.2. Ungekaa tu! Kuondoka katikati ya kipimo cha kushtukiza ni kukataa kupimwa, na aliyekataa huhesabiwa sawa na aliyekutwa na kokeini.

Texas haitakusaidia. Makosa haya huandikwa kwenye daftari la serikali kuu liitwalo Clearinghouse, lililoanza Januari 2020, na tangu Novemba 18, 2024 kila jimbo linalazimika kumshusha leseni dereva aliyezuiwa humo. Mimi naajiri madereva wa kampuni ndogo, malori 9. Kabla sijampa mtu ufunguo lazima nilitazame daftari hilo kwa idhini yake, na walio kazini nawaangalia kila mwaka. Nikimwachia usukani aliyezuiwa, mvunja sheria ni mimi. Nimewahi kumrudisha mlangoni kijana wa kwetu Mombasa, baba wa watoto watatu. Usiku ule sikulala.

Anza na mtaalamu wa masuala ya ulevi na dawa za kulevya, anayeitwa SAP (Substance Abuse Professional). Chagua vizuri, kwa sababu akishakutathmini huruhusiwi kutafuta mwingine mwenye masharti mepesi. Atakupa masomo au matibabu, kisha atakuona tena. Mwajiri halazimiki kulipia. Akikuidhinisha, unapimwa tena huku mtu akikutazama ukikojoa, na kipimo hicho huwezi kujipeleka: lazima akutume mwajiri. Hapa ndipo wengi wanakwama. Kwa hiyo ukiomba kazi usifiche, sema mapema: "SAP nimemaliza, nahitaji wa kunituma kupimwa."

Ukitoka safi, zuio linaondoka na unaomba jimbo likurudishie leseni. Utapimwa tena bila taarifa angalau mara 6 katika miezi 12. Rekodi yenyewe itakaa miaka 5, au zaidi kama vipimo hivyo hujavimaliza.

Waajiri wanaopokea madereva wa hatua hiyo ni wachache, lakini wapo. SAP akishakuona mara ya pili, niandikie.